Kompyuta Moja, Kijiji Kizima

Kijijini Mnero, wilayani Nachingwea, kompyuta si mali ya mtu mmoja hata kama mtu mmoja ndiye aliyeinunua. Mnunuzi ana risiti, lakini wenye shida nayo ni kijiji kizima. Mwalimu anayetaka mtihani wa muhula uchapwe, katibu wa chama cha msingi cha ushirika mwenye orodha ya wakulima wa korosho, binti aliyechaguliwa kidato cha tano anayetafuta fomu ya kujiunga na shule, ndugu wa mgonjwa aliyetoka hospitali ya misheni kutafuta nakala ya kadi ya bima, kamati ya harusi yenye kadi za michango: wote hao hupita kwenye kompyuta ileile, juu ya meza ileile. Nimekaa nyuma ya meza hiyo miaka mingi, katika stesheneri ndogo, na hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka kukisema. Kubadili mfumo wa kompyuta ni jambo la umma, na lifanywe kwa taratibu za jambo la umma.

Kazi ya meza hiyo hufuata misimu. Mei hadi Julai ni ufuta. Katikati ya hapo hutangazwa majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, na vijana humiminika. Baada yake huja maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu. Mitihani ya shule ina miezi yake, na walimu huja na maswali yaliyoandikwa kwa kalamu, wakiomba yatoke safi kabla ya Jumatatu. Kuanzia Oktoba korosho zinaanguka, na chama cha msingi hakilali. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, anaandikiwa, mzigo unakwenda ghala kuu na kuingia kwenye mnada wa chama kikuu, RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo hupitia benki. Utaratibu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na tangu hapo jina la mkulima, kilo zake na namba ya akaunti yake vimekuwa vitu visivyotakiwa kukosewa hata herufi.

Mfumo tuliokuwa tukiutumia ulikuwa na umri mkubwa, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake. Printa iliitika mara tu ukibonyeza, skana ilisoma vyeti vilivyofifia, na majalada ya miaka ya nyuma yalifunguka bila kusumbua. Ndani ya stesheneri hapakuwa na sababu ya kuubadili. Sababu ilitoka nje. Msimu mmoja wa maombi, tovuti zilianza kukataa kufunguka. Ukurasa ulibaki mweupe, au yalitokea maandishi kwamba muunganisho si salama.

Chanzo chake kinaeleweka. Tovuti zinazopokea taarifa za watu huwasiliana na kompyuta kwa njia ya siri, ili mtu wa katikati asisome kinachopita, na njia hizo huimarishwa kila baada ya muda. Kivinjari cha zamani kisichozijua njia mpya huachwa nje, na kivinjari kipya nacho hakikubali kukaa kwenye mfumo uliozeeka. Google iliacha kutengeneza Chrome kwa ajili ya Windows XP mwaka 2016, na kwa ajili ya Windows 7 mapema mwaka 2023. Kila tangazo la namna hiyo likitoka huko mbali, baada ya muda kijijini kuna mtu amesimama mbele ya meza na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, na fomu haifunguki. Kijana wa namna hiyo hahitaji somo la usalama wa mitandao. Anahitaji fomu ijazwe kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Kwa hiyo tukamwita fundi kutoka Nachingwea mjini. Alikuja na boda, flashi mfukoni, mwepesi wa mikono na mwenye heshima. Alihamisha majalada kwanza, kisha akafuta na kuweka mfumo mpya. Jioni kioo kilikuwa kinang'aa, maandishi yamenyooka, na tovuti iliyokuwa ikigoma ilifunguka palepale. Vijana wawili walijaza maombi yao usiku huo kwa bando la simu. Hilo nalikumbuka kwa furaha, maana ndilo lililotufanya tubadilishe.

Asubuhi yake mwalimu alikuja na mtihani, na printa haikuitika.

Ilikuwa imewashwa, waya umeshika, taa ya kijani inawaka. Kwenye kompyuta hakukuwa na dalili kwamba ipo. Printa na kompyuta hazielewani zenyewe. Kati yao kuna programu ndogo inayoitwa draiva, na kila mfumo unataka draiva iliyoandikwa kwa ajili yake. Waliotengeneza printa ile walikuwa wameacha kuiandikia draiva mpya. Chombo hakikuwa na hitilafu yoyote. Wino ulikuwemo, rola zilikuwa nzima, siku mbili kabla ilikuwa imetoa mamia ya kurasa. Lakini kwa mfumo mpya ile printa haikuwepo. Wenzangu wengi wenye stesheneri Ruangwa, Masasi na kwingineko wameniambia habari hiyohiyo. Mtu anabadili mfumo ambao hakuulipia, kisha analazimika kununua printa ambayo hakuipangia.

Baada ya kuhangaika tulipata draiva ya jumla iliyokubali kufanya kazi nusunusu, na hapo likaibuka jambo lililonigusa kuliko yote. Mtihani wa Hisabati, ambao siku zote mwalimu aliupanga ukae kwenye ukurasa mmoja, swali la mwisho lilianguka ukurasa wa pili. Nikapunguza nafasi za mistari, likaanguka tena. Nilipofungua mpangilio wa ukurasa nikakuta kila waraka mpya unaanza kwa karatasi ya Letter, kipimo cha Marekani na Canada. A4 ina urefu wa milimita 297. Letter ina milimita 279. Hizo milimita 18 ni mistari mitatu ya maandishi, wakati mwingine minne. Darasa likiwa na wanafunzi mia, swali moja lililoanguka ni karatasi mia za ziada, na rimu ina karatasi 500. Karatasi za mtihani hutokana na michango ya wazazi, wale wale wanaosubiri ufuta uuzwe ndipo walipe. Printa nayo ilikuwa ikisubiri iwekewe karatasi ya Letter, taa ya rangi ya chungwa inawaka na kuzimika, mbele ya rimu za A4 zilizojaa kabatini.

Jambo la pili lilitokea kwenye orodha ya chama cha msingi. Katibu, mzee mtulivu mwenye miwani inayoteleza puani, alikuwa akisoma ukurasa niliomtolea. Akasimamisha kidole.

"Mwanangu, hapa pameandikwa huyu alileta mzigo Machi."

Nikaangalia. Mkulima alileta korosho tarehe 3 Novemba, nami niliandika 3/11 kama tunavyoandika siku zote. Mfumo uliisoma kwa mpangilio wa Marekani, mwezi mbele na siku nyuma, ukaiweka kuwa 11 Machi. Zile zilizozidi siku ya 12 haukuzielewa kabisa, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Ukaziacha zikae upande wa kushoto wa kisanduku kama maneno ya kawaida. Orodha ilipopangwa kwa tarehe, majina yalichanganyika, waliopeleka mzigo siku moja wakatengana. Katibu aliliona mara moja kwa sababu anajua kwamba Machi ghalani hakuna korosho mpya. Angekuwa msomaji asiyelima, orodha ile ingesainiwa na kupelekwa.

Tulirekebisha vyote viwili. Kurekebisha ni rahisi ukijua pa kwenda: kwenye mipangilio ya eneo unachagua nchi yako, tarehe inakaa sawa, kwenye printa na kwenye programu ya kuandikia unachagua A4 na kuifanya ya kudumu. Kazi ya dakika chache. Ila hakuna aliyetuambia mapema kwamba mfumo mpya ukiwekwa bila kuambiwa uko nchi gani, hujichagulia nchi wenyewe. Mzigo wa kuyagundua hayo uliangukia mwalimu, katibu na wakulima, watu ambao hawakuomba mabadiliko yoyote.

Kisha likaja suala la bando. Mfumo wa zamani ulikaa kimya mpaka uuamuru. Huu mpya ulijishushia masasisho wenyewe, kwa nyuma, wakati mimi nikifikiri intaneti inatumika kwa fomu moja tu ya mwanafunzi. Kompyuta yetu ilipata intaneti kwa hotspoti ya simu, na kwenye simu kila MB ina bei. Bando la wiki liliisha kabla ya saa sita mchana. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuuambia mfumo kwamba intaneti hii inapimwa, usishushe kitu bila ruhusa. Waliopanga mfumo walilijua tatizo hilo na wakaweka dawa yake, lakini dawa waliiweka ndani na tatizo wakaliacha mlangoni. Na siku moja umeme ulikatika sasisho likiwa njiani, kioo kinaandika usizime kompyuta. Kompyuta ya mezani haina betri. Ulipowaka, mashine ilitumia sehemu kubwa ya siku kurudisha nyuma ilichokuwa imekianza, ikizima na kuwaka, huku benchi la nje limejaa watu wanaojipepea na bahasha zao.

Niliwatazama watu wale na nikaelewa ninachokiandika leo. Aliyeamua kwamba mfumo wa zamani umefika mwisho hakuwa Mnero, na aliyelipa gharama ya uamuzi ule alikuwa amekaa kwenye benchi lile. Kati ya wawili hao hakuna mahali wanapokutana. Fundi hawezi kuwakutanisha, wala mimi. Ndiyo maana anayeleta mfumo mpya katika kijiji, akiwa serikali, shirika, shule au mtoto wa kijiji anayetuma kompyuta kutoka Dar es Salaam, anabeba wajibu wa kuuliza kwanza: mfumo wa zamani ulikuwa umebeba kazi gani, na ya nani?

Wilaya yetu inalijua swali hilo kwa uchungu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga hapa Tanganyika, kwa mapendekezo ya ujumbe wa John Wakefield uliotembelea nchi mwaka 1946 kwa wiki chache. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu za karanga, ili kuipatia Uingereza mafuta ya kula baada ya vita. Yaliletwa matrekta, yakiwemo yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ya Mtwara ilijengwa na reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Januari 1951 mradi ulisitishwa, na serikali ile ikafuta hasara ya pauni takriban milioni 36. Kongwa udongo wenye mfinyanzi ulikuwa ukikauka na kuwa mgumu hata karanga hazing'oki. Kwetu mashine zilitangulia kabla ya njia ya kuzisafirisha kukamilika, na msitu haukukubali kufyekwa kwa kasi iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Wazee walionilea waliisimulia reli ile bila kicheko. Walichokumbuka ni kwamba waliokuwa wakiijua ardhi walichukuliwa kama nguvu kazi, na hakuna aliyewaketisha kuwauliza mvua inaanza lini na udongo gani unashika maji.

Nachingwea haikuukataa upya. Watu walifanya kazi, walijifunza kuendesha mashine, na wengine walibaki na ujuzi huo maishani. Kilichouangusha mradi ni kukadiria kazi ya mahali fulani kutoka mahali pengine. Sasisho linalofika kijijini likiamini kwamba kila mtu ana umeme usiokatika, intaneti isiyopimwa na karatasi ya Letter linarudia kosa hilohilo kwa kiwango kidogo.

Lakini nimeona pia mfumo ukibadilishwa vizuri, na ni haki nilieleze hilo kwa kirefu kama nilivyoeleza maudhi. Mwaka 2024 mita zote za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla, zilitakiwa kuboreshwa nchini. Mita hizo hutumia utaratibu wa kimataifa unaoitwa STS, ulioanzia Afrika Kusini. Katika utaratibu huo, kila tokeni hubeba ndani yake namba ya wakati, inayohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 basi, na dakika hizo zilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingeboreshwa kabla ya siku hiyo isingepokea tena umeme unaonunuliwa. Fikiria ukubwa wa kazi: nyumba kwa nyumba, mashine kwa mashine, nchi nzima, na wenye mita wengi wao hawajawahi kubadili mpangilio wa chombo chochote.

Shirika la umeme, TANESCO, lilitangaza mapema, redioni, kwenye simu na kwenye ofisi za vijiji. Mteja hakutakiwa kumwita fundi wala kulipia maboresho. Aliponunua umeme kama kawaida, alipewa mafungu matatu ya namba, kila fungu tarakimu 20. Fungu la kwanza na la pili ni ya kuiboresha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Uniti zilizokuwemo kwenye mita zilibaki. Mara hiyo moja tu, kisha mambo yanaendelea kama zamani.

Wiki zile wazee wengi walipita mezani kwangu na ujumbe kwenye simu au kipande cha karatasi alichoandika wakala. Bibi mmoja alinikabidhi karatasi yake kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu, umeme wa elfu mbili tu, namba zote hizi za nini?"

"Bibi, haya mafungu mawili ya juu yanaiandaa mita. Umeme wako ni huu wa chini. Usiruke hata moja, na usibadilishe mpangilio."

Nilimwandikia upya kwa kalamu nene, tarakimu nne nne, mistari ikiwa na namba 1, 2 na 3 pembeni. Akaenda, akaingiza mwenyewe kwa msaada wa mjukuu wake wa darasa la tano, na kesho yake akapita kusema taa inawaka. Kazi ile iliheshimu mambo ambayo naamini kila badiliko linapaswa kuyaheshimu. Sababu ilielezwa. Tarehe ya mwisho ilijulikana mapema. Alichokuwa nacho mtu hakikupotea. Hatua zilikuwa chache kiasi cha kuandikwa kwenye kikaratasi. Na aliyebadilishiwa hakuachwa gizani kabla ya kipya kuthibitika kwamba kinafanya kazi. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walikuwa wameshatoa kipimo cha kila kitu kigeni kinachobisha hodi: mwenyeji akipona, karibu, akiugua, kuna kitu hakikuulizwa.

Baada ya misukosuko ile, nasi tulijipangia utaratibu wetu. Kompyuta ya pili, kuukuu, tuliirudishia mfumo wa zamani na kuikatia intaneti kabisa. Kazi yake ikawa kuchapa na kusoma vyeti kwa ile printa na ile skana ambazo mfumo mpya hauzitambui ipasavyo. Hii yenye mfumo mpya ikabaki kwa tovuti na fomu. Flashi inayopita kati yao husafishwa kwanza kwa antivairasi, kwa sababu virusi vya shotikati husambaa stesheneri hadi stesheneri. Kando ya meza kuna daftari gumu lililoandikwa kwa Kiswahili: namna ya kuweka A4, namna ya kuweka tarehe, namna ya kuzuia masasisho kula bando, namna ya kurudisha draiva ya printa. Anayesaidia dukani akikwama, halazimiki kumpigia fundi aliye Nachingwea mjini, anafungua daftari.

Daftari lile lilinifundisha kwamba nusu ya maudhi ya mfumo mpya ni lugha. Mtu anayejua kazi yake vizuri anasimama mbele ya ujumbe wa Kiingereza wenye vitufe viwili, na anabonyeza kwa kubahatisha. Na Kiswahili kimethibitisha kwamba kinaweza kuibeba kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure yenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Microsoft nayo iliwahi kutoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Kazi hizo zilifanyika na wataalamu wetu walihangaika nazo, ila hazikufika kwenye meza za vijijini, kwa sababu aliyeleta kompyuta kijijini hakuambiwa kwamba zipo. Nikipata nafasi ya kumshauri mtu wa halmashauri, jambo la kwanza nitakalomwomba ni hilo: kompyuta inayopelekwa shule au zahanati ifike ikiwa na Kiswahili, Tanzania ikiwa imechaguliwa kama eneo, na A4 ikiwa karatasi yake.

Sitamshauri mtu akae na mfumo wa zamani milele akiwa ameunganishwa na intaneti. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kwa kupenya kompyuta ambazo hazikuwekewa sasisho la usalama lililotolewa Machi mwaka huohuo, na hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Orodha ya wakulima wenye namba zao za benki ni kitu cha kulindwa. Hata hivyo, tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5 kwa siku moja, ndege zikabaki chini. Kuchelewa kuna hatari yake na kuharakisha kuna yake. Anayejua kazi iliyo mezani ndiye anayeweza kupima ipi ni kubwa kwa wiki hiyo.

Jambo hili linatuhusu sasa hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha iliongeza masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa sehemu kubwa zilianza kutoka miaka ya 2017 na 2018. Kompyuta nyingi zilizoko vijijini ni za mtumba, zilishafanya kazi Ulaya au Uarabuni kabla ya kufika Kariakoo, na hazifikii kipimo hicho ingawa ni nzima kabisa. Shule, zahanati na vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa vitaambiwa vinunue nyingine. Kabla ya kununua, viorodheshe kwanza kazi ambazo kila kompyuta inafanya na watu wanaozitegemea. Baadhi ya mashine zitafaa kuwekewa Linux nyepesi isiyolipiwa; nyingine zitabaki za kuchapa tu, bila intaneti; chache ndizo zitakazohitaji kubadilishwa kweli.

Na yeyote atakayefanya kazi hiyo katika wilaya hizi afuate kalenda ya watu. Asiguse kompyuta ya chama cha msingi kati ya Oktoba na Januari. Asiguse ya shule wiki za mitihani. Achague kipindi tulivu, abebe mfumo mzima kwenye flashi badala ya kumaliza bando la watu, atunze majalada mahali pawili, na achape ukurasa mmoja wa kazi halisi, mtihani au orodha, mbele ya mwenye kazi, kabla ya kufuta kilichokuwepo. Mwalimu na katibu ndio watakaosema kazi imekamilika. Mpaka waseme hivyo, ule wa zamani usifutwe.